Matundu ya Hewa ya Grili ya Mkaa: Lipi Lifaalo kwa Upepo na Chumvi ya Lamu

Grili ya duara yenye kifuniko haina kitasa cha kupandisha na kushusha moto kama meko ya gesi. Ina hewa tu. Matundu ya chini yanaingiza, tundu la juu linatoa, na mkaa unakula kile ulichopewa. Ukifungua, moto unapanda. Ukibana, unashuka. Ukiziba kote, unazimika, na mkaa uliobaki unautumia kesho. Aliyekulia na jiko la mkaa hashangai: kile kimlango cha chini, penye kutolea majivu, ndicho kilichoharakisha chai asubuhi na kuutuliza wali ulipokaribia kuiva. Tofauti ni kwamba jiko li wazi juu, ilhali grili imefunikwa, kwa hiyo hewa yote ifikayo kwenye mkaa hupita kwenye matundu yake. Au kwenye nyufa, na nyufa ndizo zinazoharibu hesabu.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu grili hizi umeandikwa na watu wa bara, wanaochomea uani penye miti na kuta pande zote. Wanahangaika jinsi ya kuongeza hewa. Anayechomea juu ya dari mtaa wa Langoni mjini Lamu, au mbele ya nyumba kijijini Shela upepo wa kusi ukiwa umeshika, hana shida ya kukosa hewa. Hewa inamjia asipoiita. Shida yake ni kuizuia. Ndiyo maana nasema hivi tangu mwanzo: huku kwetu chagua tundu la hewa kwa namna linavyojifunga na linavyostahimili chumvi, wala usilichague kwa ukubwa wake. Na ukitaka kurekebisha grili uliyo nayo, anza kwa kuziba kabla ya kutoboa.

Upepo kwanza

Hewa huingia kwenye grili kwa nguvu mbili. Ya kwanza ni joto lenyewe: hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutoka juu, na nyuma yake hewa ya nje inavutwa kupitia chini. Nguvu hii ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua grili yenye kimo cha sentimita 40 kutoka tundu la chini hadi la juu, ndani nyuzi 150 za Selsiasi, nje nyuzi 30. Ukipiga hesabu, mvuto wake ni kama Paskali 1.3 tu (Paskali ni kipimo cha msukumo).

Nguvu ya pili ni upepo. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao baharini ni wa kawaida kabisa, ukilipiga tundu uso kwa uso unalisukuma hadi Paskali 15. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya mvuto wa joto. Tena upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Basi mtu aliyepanga matundu yake vizuri saa kumi jioni, pakiwa shwari, anaweza kukuta paja lake la mbuzi limeungua saa kumi na moja bila kugusa chochote.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza kama Aprili na kushika kwa nguvu Juni hadi Agosti. Katikati kuna matlai, siku za upepo mwepesi, na hizo ndizo siku ambazo grili inatenda kama vitabu vya maelekezo vinavyosema. Malindi nayo, hata nje ya misimu hiyo, hupata upepo wa bahari wa alasiri, na alasiri ndiyo saa ya kuwasha. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: nikifunga matundu ya chini nusu, au robo, upepo utaheshimu kipimo changu au utapenya pembeni?

Jambo moja la hesabu kabla ya kulinganisha, maana limewapoteza wengi. Tundu la upana wa sentimita 2.5 lina eneo la karibu sentimita 5 za mraba. La upana wa sentimita 5 halina mara mbili ya hiyo, lina mara nne, karibu 20. Matundu matatu ya sentimita 2.5 kwa pamoja hayafikii tundu moja la sentimita 5. Fundi akikuambia atalipanua tundu kidogo tu, muulize kidogo ni ngapi, umpe na rula.

Matundu ya chini: aina tatu

Grili za bei nafuu, na zile za zamani, zina visahani vitatu vya kuzungushwa chini ya karai, kila kimoja kikifunika kundi lake la matundu. Uzuri wake ni urahisi. Bati, ribiti na kisahani, basi. Kikiharibika, fundi yeyote anayetengeneza majiko anakukatia kingine. Kila kimoja unakifungua peke yake, na hili ni faida halisi penye upepo: unafunga kabisa kinachoelekea kusi na kuacha wazi kile cha kisogoni, jambo ambalo aina nyingine haikuruhusu. Ubaya wake ni kuinama chini ya karai la moto kutafuta visahani vitatu kwa vidole, usiku, moto ukiwa umeshapanda. Pia majivu huyaziba matundu haya kutoka ndani na huna njia ya kuyasukuma isipokuwa kwa kijiti kupitia wavu.

Aina ya pili ni mapanga matatu yaliyofungwa pamoja ndani ya karai, yanayozungushwa na mkono mmoja ulio chini. Ndiyo iliyo kwenye grili nyingi za Weber za sentimita 57, na watengenezaji wengine wengi wameiiga. Ukisukuma mkono, mapanga yanafunika na kufunua matundu yote kwa pamoja, na yakipita yanayakokota majivu hadi kwenye tundu na kuyaangusha nje. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayonifanya niipende. Moto unaofifia katikati ya kazi mara nyingi haukukosa tundu. Umekosa njia, kwa sababu majivu yamelundikana. Sukuma mkono mara mbili tatu, moto unaamka. Kwa anayetumia mkaa wa kubana, ule wa vifuu vya nazi au wa chenga uliotengenezwa kwa mashine, hili ni jambo kubwa, maana mkaa huo huacha majivu mengi kuliko mkaa wa gogo.

Kasoro ya mapanga ni kujifunga kwake. Karai ni duara, panga ni bati jembamba lililokunjwa lifuate duara hilo, na likishapinda kidogo linaacha mwanya hata mkono ukiwa umefika mwisho. Kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, au mbali na upepo mwanya wa milimita mbili si kitu. Juu ya dari, kusi likivuma, mwanya huo unatosha kuuweka moto hai usiku kucha na kuumaliza mkaa uliotaka kuuhifadhi. Dawa ipo na ni rahisi, nitaifikia.

Ya tatu ni mlango wa kuteleza, au tundu moja tu kitakoni lenye kifuniko kidogo cha bati. Utaiona kwenye grili ndogo za dukani zinazouzwa zikiwa zimefungwa kwenye boksi. Siipendekezi kwa kazi ya saa nyingi. Hewa inaingia mahali pamoja, inachoma mkaa wa katikati na kuuacha wa pembeni, na bati lake huwa jembamba mno. Kwa samaki wawili watatu na mishikaki ya nyumbani inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kumcheka mwenye nayo.

Ukiniuliza kati ya visahani na mapanga, jibu langu linategemea unachochoma kuliko unapokaa. Mwenye kuchoma nguru, changu na kuku wa kupaka, kazi za dakika ishirini hadi saa moja kwa moto wa nyuzi 180 kwenda juu, visahani vinamtosha. Anayetaka paja la mbuzi liive polepole kwa nyuzi 130 au 140 hadi nyama iachane na mfupa, achukue mapanga, kwa sababu atayarekebisha mara nyingi na kwa kiasi kidogo kidogo, na majivu ya kazi ya muda wa saa nne hayatamsubiri.

Kilicho chini ya matundu

Watu hulinganisha matundu na kusahau kinachoyakinga. Grili zenye mapanga huuzwa na mojawapo ya viwili: sinia la wazi la alumini lililoshikizwa kwenye miguu, au ndoo ya kufunga inayozunguka kitako chote cha karai. Bei yake ni tofauti, na mtu husema kwa nini nilipie ndoo ya majivu.

Huku kwetu ilipie. Sinia la wazi upepo unalifagia. Majivu yanapeperuka hadi kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, na pamoja na majivu hutoka vipande vya kaa ambavyo bado vina moto. Lamu bado kuna mapaa ya makuti, na makuti makavu hayahitaji zaidi ya cheche moja. Ndoo inazuia hilo. Tena inafanya kazi ambayo haikutangazwa sana: upepo unaigonga ndoo kwanza, unapunguza nguvu, kisha ndiyo hewa inapanda kwenye matundu kwa utulivu. Kwa maneno mengine ni kinga ya upepo uliyouziwa kwa jina la ndoo ya majivu. Aliye na sinia la wazi anaweza kuikaribia faida hiyo kwa kuzungushia miguu mkanda wa bati jeusi, lisilopakwa zinki, wa kimo cha sentimita 20 au 25, akiacha pengo upande wa kisogo cha upepo.

Usiyaache majivu humo, iwe sinia au ndoo. Majivu ya mkaa hunyonya unyevu wa bahari, na yakilowa yanakuwa na ukali wa magadi unaokula alumini. Chuma nacho kinakaa na maji mgongoni bila kukauka. Grili nyingi za pwani hufa kitakoni kwanza, zikiachwa na majivu tangu Idi hadi Idi.

Tundu la juu

Kanuni ambayo wachomaji wengi wanakubaliana nayo ni kuacha tundu la juu wazi na kuuongoza moto kwa matundu ya chini. Ukilibana la juu sana, moshi unakaa ndani, unapoa na kushika nyama, na nyama inapata ule uchungu wa masizi. Samaki ndiye anayeumia kwanza, maana nyama yake ni nyepesi. Mbuzi anavumilia kidogo.

Palipo na upepo mkali nalegeza kanuni hiyo. Matundu ya chini yakiwa yameshabanwa hadi mwisho na kipimajoto bado kinapanda, punguza la juu hadi nusu. Hewa isiyoweza kutoka haiwezi kuingia. Ila fanya hivyo baada ya mkaa kuwaka wote na kuwa na jivu jeupe juu yake, wakati moshi umeshakuwa mwembamba.

Kuhusu mahali lilipo: kuna vifuniko vyenye tundu katikati kabisa, na vyenye tundu kando. Chukua kando. Kwanza unaweza kuuweka mkaa upande mmoja, chakula upande wa pili, na tundu la juu likiwa juu ya chakula, hivyo joto na moshi vinalazimika kupita juu ya nyama kabla ya kutoka. Pili, na kwa mtu wa Lamu hili ni kubwa zaidi, unaweza kuzungusha kifuniko. Tundu likiuelekea upepo, upepo unaingia kupitia juu na kuurudisha moshi chini. Likiwa kisogoni, upepo unapopita unalinyonya na moshi unatoka vizuri. Tundu la katikati halikupi chaguo hilo.

Kisahani cha juu mara nyingi ni cha alumini chenye matundu manne, kimeshikwa kwa ribiti. Alumini haioti kutu nyekundu, lakini pale inapogusana na chuma kingine, na chumvi ipo, huliwa polepole na kuacha unga mweupe unaokwamisha kisahani. Mafuta na masizi yanamalizia kazi. Sugua kwa brashi ya waya, zungusha kila mara baada ya kuchoma kikingali na uvuguvugu, na ribiti ikilegea weka bolti ya stenlesi yenye wosha na nati mbili zilizobanana, ili uweze kuikaza au kuilegeza utakavyo.

Wapo wanaopachika dohani fupi juu ya tundu. Hesabu inawaunga mkono: ukiongeza sentimita 30 juu ya zile 40, kimo kinakuwa 70, na mvuto wa joto, moshi ukibaki na joto lake, unaongezeka kwa robo tatu. Inafaa sana ndani ya kiwanda cha nyumba ya mji wa kale, penye kuta ndefu pande zote na hewa imetulia, ambako pia moshi ukipandishwa juu kidogo ni heri kwa jirani. Juu ya dari haina kazi. Upepo umeshakupa mvuto zaidi ya unaohitaji, na bomba refu juu ya kifuniko chepesi litaangusha vyote viwili.

Kabla ya kutoboa

Mtu akisema grili yake haishiki moto, neno la kwanza analoambiwa ni aongeze matundu. Nakataa, mpaka amejibu mambo matatu. Mkaa wake ameuchekecha, au amemimina gunia pamoja na chenga zake zilizoziba kila nafasi kati ya vipande? Majivu ameyatoa? Na mkaa ni mkavu? Mkaa uliokaa kwenye ghala la pwani msimu wa mvua hushika unyevu, na sehemu ya joto lake inaishia kukausha maji hayo. Ukirekebisha matatu hayo, grili nyingi hupona bila kuguswa na drili.

Na mtu akisema grili yake haitulii, inapanda moto tu, hiyo inavuja. Namna ya kujua ni rahisi. Usiku, grili ikiwa baridi na safi, weka simu ndani na taa yake ikiwa imewashwa, funga matundu yote, funika, kisha izunguke. Kila unapoona mwanga, hewa inapita hapo. Utauona kwenye ukingo wa kifuniko, pale miguu ilipoingia kwenye karai, kwenye mashimo ya bolti za mpini, na kwenye yale mapanga niliyoyataja. Fanya jaribio hilohilo dukani kabla ya kulipa. Mwenye duka hatakasirika, na akikasirika nenda kwingine.

Mapanga yaliyopinda yatoe, yaweke juu ya kitako cha karai lenyewe likiwa limegeuzwa, uyagonge kwa nyundo ya mti hadi yalale. Ukingo wa kifuniko ulioingia ndani unyooshe kwa mikono miwili, polepole, ukijaribu kila mara. Penye mwanya wa kudumu bandika kamba ya nyuzi za kioo, ile inayotumika kwenye milango ya oveni na majiko ya kuni, kwa gundi ya kustahimili moto. Kwa jioni moja tu, kipande cha foili kilichokunjwa mara tatu na kubanwa kwenye ukingo kinatosha. Kamba kuukuu ya asbesto usiiguse hata ukipewa bure.

Rekebisho la pili halina gharama hata ya soda. Ni kuweka alama. Mkono wa mapanga husogea kidogo tu kati ya kufunga na kufungua, na tofauti ya nyuzi 120 na nyuzi 180 ni upana wa kidole. Chukua tupa au msumari, mtu mmoja akitazama matundu kutoka juu na mwingine akisogeza mkono, ukwangue mstari palipofungwa kabisa, penye mwanya wa unene wa njiti ya kiberiti, penye unene wa penseli, penye nusu na penye wazi kabisa. Kwenye grili ya sentimita 57, moto wa polepole kwa kawaida unapatikana kati ya njiti na penseli. Upepo ukiwepo anzia kwenye njiti. Mke, mume au mtoto akiachiwa zamu ya kuangalia moto, unamwambia mstari wa pili, naye anajua.

Ukishafanya hayo na bado unataka kutoboa, basi tulinganishe njia mbili.

Ya kwanza ni bomba na koki. Unatoboa tundu moja ubavuni, chini ya wavu wa mkaa, unapachika kipande cha bomba la inchi 1 na koki ya kugeuza nje. Bomba hilo linapitisha eneo la sentimita za mraba zaidi kidogo ya 5, ambalo kwa moto wa polepole linatosha hata matundu mengine yote yakiwa yamezibwa. Penye upepo hili ndilo rekebisho ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu koki inafunga kwelikweli na inabanwa kwa vipimo vidogo sana, na mdomo wa bomba unaweza kuuelekeza kisogoni kwa kiwiko cha bomba. Lakini kuna masharti mawili. Bomba liwe jeusi, lisiwe la maji lililopakwa zinki. Na koki ikae mbali na karai, walau urefu wa kiganja, maana ndani yake mna pete za tefloni ambazo hazipaswi kupita nyuzi 260.

Ya pili ni feni ndogo yenye kipimajoto, inayopuliza joto likishuka na kusimama likipanda. Kwa mahali palipotulia ni kifaa kizuri mno, mtu analala na nyama inaiva. Huku sikishauri. Feni inaweza kuongeza hewa tu, haiwezi kuizuia, na adui yako ni upepo unaoingia feni yenyewe ikiwa imesimama. Ongeza chumvi inayoingia kwenye mota na umeme unaokatika, pesa zako zitafaa zaidi kununua ndoo ya kufunga.

Kutoboa kwenyewe kunahitaji subira kama karai limepakwa enameli. Enameli ni kioo, ikigongwa inamenyuka, na chuma kilicho wazi huku kinaota kutu kabla ya mwezi kuandama tena. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi pande zote mbili, anza na tundu dogo, panua hatua kwa hatua kwa mwendo wa chini bila kukandamiza, maliza kwa tupa, kisha paka ukingo rangi ya kustahimili joto.

Na bati gani? Hapa nasema kwa msisitizo, maana ndilo bati lililo karibu na kila fundi. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwa nyuzi 420 na kuchemka kwa 907, na mkaa unaopulizwa na upepo unafika huko. Mvuke wake ukiuvuta unaleta homa na kutetemeka, na hakuna sababu ya kuusogeza karibu na chakula. Kwa kisahani cha kifuniko, mbali na moto, wengine hulitumia. Mimi hata huko silitaki. Tumia bati jeusi la unene wa milimita moja na nusu hadi mbili, ulipake mafuta ya kupikia ukishamaliza. Stenlesi ni bora zaidi. Ile ya kawaida, namba 304, hutoa madoa ya kahawia hewani mwa bahari lakini haitoboki upesi. Namba 316 ina molibdenamu na inastahimili chumvi vizuri zaidi, ila kwa panga la grili bei yake siioni kuwa ya lazima. Kwa bolti na nati, ndiyo, inunue. Bolti iliyogandana kwa kutu ndiyo inayomfanya mtu atupe grili nzima iliyo nzima.

Nani achukue ipi

Anayechomea juu ya dari Lamu, au Shela mbele ya bahari: grili ya sentimita 57 yenye mapanga, ndoo ya kufunga, tundu la juu kando ya kifuniko. Usitoboe chochote mwaka wa kwanza. Ziba, weka alama, na nunua pamoja nayo bolti chache za stenlesi, kwa sababu kitu kilichovuka maji kutoka Mokowe na kupandishwa punda hadi mlangoni kwako si cha kurudishwa dukani kwa ajili ya nati moja. Ukishamaliza kupika, funga chini na juu, uiache hapohapo nje hadi asubuhi. Usiiingize chumbani wala kwenye ngazi kukwepa mvua: mkaa unaofifia kwa kukosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua.

Anayechomea kiwandani mwa nyumba, au Malindi kwenye ua wenye ukuta na miti: visahani vitatu vinamfaa vilevile, na tofauti ya bei aitumie kwenye mkaa mzuri na kipimajoto. Kama moto unasuasua siku za matlai, dohani fupi kwanza, tundu jipya baadaye.

Mwenye grili ndogo ya tundu moja asiibadilishe bado. Atoboe matundu matatu ya sentimita 2.5 kuzunguka karai, sentimita chache chini ya wavu wa mkaa ambako majivu hayayafikii, kila moja na kisahani chake cha bati jeusi. Lile la kitako alifunge. Moto utaenea, na siku ya upepo atafungua la kisogoni tu.

Muuza mishikaki wa jioni ana hesabu yake mwenyewe. Hafuniki, anageuza kwa mikono miwili, na anataka moto mkali ulio sawa urefu wote wa jiko. Kwake grili ya duara ni hasara. Pipa lililopasuliwa kwa urefu linamtosha, likiwa na mlango wa kuteleza kwenye kila ncha. Wakati wa kusi afungue mlango wa kisogo na kuubana ule wa upepo hadi ubaki upana wa vidole viwili, na kaskazi likiingia abadilishe.